Tuombe Safari Nzima, Tusiombe Lami Peke Yake

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wafanyabiashara, wasafirishaji, wakazi na viongozi wa mitaa ya katikati ya Jiji la Dar es Salaam, waliokutana kuzungumzia namna ya kuomba fedha za umma kwa ajili ya kuboresha usafiri wa Kariakoo na Posta. Wengi hawakuweza kufika, nami nimeombwa niyaweke hapa yote kwa ajili yao. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa serikali za mitaa, wafanyabiashara wa Kariakoo, Kisutu na Posta, madereva na makondakta mlioacha kazi asubuhi hii, mama zangu, ndugu zangu na vijana wangu: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi.

Nawashukuru kwa kuniita. Miaka mingi ya utumishi wangu nilikuwa mpokeaji wa maombi, si mwombaji. Nilikuwa ofisa mipango, na barua za wananchi wanaotaka barabara, taa, mifereji na vituo vya mabasi zilipita mikononi mwangu kabla ya kufika penye kukubaliwa au kukataliwa. Nimeona maandiko ya wataalamu, yenye majalada mazuri na ramani za rangi, yakilala kabatini mpaka karatasi zikageuka manjano. Na nimeona ombi la kurasa tatu, lililoandikwa kwa mkono na mwenyekiti wa mtaa aliyeishia darasa la saba, likipata fedha ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha kulalamika, jambo ambalo sote tunaliweza. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya ombi lenyewe: tuombe nini, tumwombe nani, na tuombe lini.

Nianze na hilo la kwanza, kwa kuwa ndilo zito kuliko mengine. Ndugu zangu, tumezoea kuomba lami. Kila mkutano wa hadhara, kila ziara ya kiongozi, mkono ukinyooshwa swali ni lile lile: lami ya mtaa wetu itakuja lini? Lami ni kitu chema, nami siidharau. Lakini mfikirieni mama anayetoka Mbagala alfajiri kuja kuchukua mzigo wa vitenge hapa Kariakoo. Safari yake inaanzia mlangoni kwake, gizani, kwenye kichochoro kisicho na taa. Inaendelea ndani ya gari alimosimama amebanwa, mkono mmoja ukiwa juu kwenye bomba na mwingine umeshika pochi. Akishuka, anavuka barabara mahali ambapo rangi ya kivuko imekwisha kufutika. Anatembea katikati ya magari kwa sababu pembeni kumejaa bidhaa, pikipiki na magari yaliyoegeshwa. Anaruka mfereji ambao mfuniko wake umeibwa. Jioni anarudi njia hiyo hiyo, safari hii akiwa na furushi kichwani na mtoto mgongoni. Niambieni, katika safari hiyo yote, lami mpya ingemwondolea taabu ipi?

Ndiyo maana nasema tuombe safari nzima. Tukiomba lami tutapewa lami, na mama yule ataendelea kuruka mfereji. Tuombe safari nzima, kuanzia anapotoa mguu nje ya mlango mpaka anapoweka mzigo chini, na tuombe pia fedha za kuitunza safari hiyo mwaka wa pili, wa tano na wa kumi.

Sasa, kuna mtu anaweza kuuliza: sisi ni nani hata tuombe yote hayo? Swali hilo niliulizwa na kijana mmoja wa bodaboda, pale karibu na Mnazi Mmoja, nilipomwambia kwamba nakuja kuzungumza nanyi. Akasema, "Mzee, fedha ni za serikali. Sisi tunachangia nini?" Nikamwuliza ameweka mafuta ya kiasi gani asubuhi hiyo. Akaniambia lita tatu. Nikamwambia: basi umekwisha kuchangia mara tatu kabla hujapata abiria wa kwanza.

Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa katika nchi hii ina tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Barabara, mfuko ambao sheria yake ya msingi ni ya mwaka 1985. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita, kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Mwaka huo huo kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, hata anayepanga chumba kimoja akinunua umeme anaiona imeandikwa kwenye stakabadhi yake. Ongezeni ushuru wa huduma mnaoulipa ninyi wenye maduka, leseni za biashara, ada za maegesho, ushuru wa masoko. Kwa hiyo tunapokwenda kuomba fedha za umma, hatuendi kuomba hisani. Tunakwenda kuomba fedha zetu zirudi mahali zilipochumwa, zikafanye kazi inayoonekana. Naomba kila mmoja wetu alishike hilo, kwa sababu mtu anayejiona ombaomba huandika barua ya ombaomba, na barua ya namna hiyo hujibiwa kwa pole na ahadi.

Hata hivyo, kuwa na haki hakutoshi kama hujui haki hiyo inapita mlango gani. Mfuko wa Barabara umewekwa na sheria hasa kwa ajili ya matengenezo: fungu lisilopungua asilimia 90 ni la kutunza barabara zilizopo na kufanya matengenezo ya dharura, na kisichozidi asilimia 10 ndicho kinachoweza kwenda kwenye ujenzi mpya. Mnaona maana yake? Mkiandika kuomba kituo kipya cha mabasi kutoka kwenye fungu la matengenezo, mtajibiwa kwamba fedha hakuna, nanyi mtarudi nyumbani mkisema serikali haitujali. Lakini kuchora upya vivuko, kuzibua mifereji na kurudisha mifuniko yake, kutengeneza kingo za njia za miguu zilizobomoka, hayo ni matengenezo. Sehemu kubwa ya taabu za yule mama wa Mbagala ni matengenezo! Ni mambo yanayoweza kuombwa mwaka huu, kwenye fungu ambalo tayari lipo, bila kumsubiri mfadhili yeyote.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa nina hadithi.

Katika mji mmoja nilikofanya kazi palikuwa na makutano ya barabara karibu na soko, na watoto wa shule walikuwa wakigongwa pale. Wazazi waliomba kivuko mara tatu, na mara tatu wakajibiwa kwamba barabara ile ni muhimu kwa magari na kwamba kupunguza mwendo kungeleta foleni. Basi mwalimu mmoja akawachukua wanafunzi wake wa darasa la sita, akawaweka pembeni ya makutano yale tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa zamu. Hawakuwa na mashine wala simu. Walikuwa na ndoo tatu. Kila alipopita mtu kwa miguu, walitia punje ya hindi. Kila lilipopita basi la abiria, kunde. Kila lilipopita gari dogo, haragwe. Jioni wakazifunga ndoo zile kwa vitambaa, na siku ya kikao mwalimu akaja nazo ofisini akazimimina mezani, mbele ya mhandisi, mbele ya diwani, mbele yangu. Mahindi yalijaa meza mpaka yakaanza kudondoka sakafuni. Maharage yalitosha chungu kidogo cha mtu mmoja.

Mhandisi aliyatazama mahindi, akayatazama maharage, asiseme neno kwa muda. Kisha akauliza, "Hawa wote walipita siku moja?" Kivuko kilijengwa. Na mimi, niliyekuwa nimezisoma barua zile tatu na kuziweka pembeni, nilijifunza siku ile kwamba barua zile zilikuwa na huzuni ndani yake lakini hazikuwa na watu. Mahindi yalileta watu.

Ndugu zangu, tuna hesabu gani sisi ya Kariakoo? Tunasema "watu ni wengi", na ni kweli. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na sehemu kubwa ya shughuli zao inapita katika mitaa hii michache ambayo upana wake haujaongezeka hata hatua moja. Wageni wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni kuja kununua mali hapa. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024, inawashusha watu na mabegi yao katikati ya jiji. Mwaka 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo. Yote hayo ni heri. Lakini saa nane ya usiku mfanyakazi wa duka linalokesha anarudije Gongo la Mboto? Anapita mtaa gani wenye taa? Amehesabiwa na nani? Ofisa mipango anayepokea barua yetu anahitaji kujua ni watu wangapi wanaovuka Msimbazi na Uhuru kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, wangapi wamebeba mizigo, wangapi ni watoto, wangapi wanasukuma mikokoteni. Hayo hayamo katika sensa. Hayo tutayahesabu sisi.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni utunzaji.

Wazee wenzangu mnaikumbuka UDA, Usafiri Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1974. Mabasi yalinunuliwa, yakaingia barabarani, na watu wakafurahi. Kisha vipuri vikakosekana, kwa kuwa fedha za kigeni hazikuwepo; nauli haikutosha kuendesha; basi likiharibika linaegeshwa, na lililoegeshwa linakuwa ghala la vipuri vya mengine. Watu wakalala vituoni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini, na hapo ndipo zilipopatikana daladala, ambazo zimetubeba mpaka leo na ambazo sikubali kusikia zikitukanwa, kwa maana zilitusaidia wakati hatukuwa na kingine. Lakini kumbukeni chanzo chake. Fedha za kununua mabasi zilipatikana, na fedha za kuyatunza hazikupatikana.

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake, yakaanza kazi kutoka Kimara kuja Kivukoni, Gerezani na Morocco, njia ya kilomita 20.9 iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Aliyekuwa akitumia saa mbili na zaidi kutoka Kimara mpaka Posta akaanza kufika kabla hajasinzia. Mwaka 2018 jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, nasi tulistahili. Nawaambia bila kusita kwamba mradi ule ni miongoni mwa mambo bora ambayo fedha za umma zimewahi kulifanyia jiji hili. Kwa sababu naupenda, lazima niseme na yale yaliyotuumiza.

Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Kila mzaliwa wa Magomeni angekwambia maji ya Msimbazi hupita wapi yakija. Yakaja. Yakaingia karakanani, mabasi yakaharibika, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani mwaka baada ya mwaka, watu wakazunguka mji mzima kutafuta njia ya kurudi kwao. Sasa zinatumika fedha nyingine za umma, katika mradi wa Bonde la Msimbazi, kujenga daraja refu pale na kulitengeneza bonde lenyewe. Nafurahi kwamba kazi hiyo inafanyika. Lakini ni gharama ya pili kwa safari ile ile.

Tazameni na awamu ya pili, kilomita 20.3 za Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na serikali yetu. Njia ilijengwa ya zege, vituo vikasimama vizuri, na kwa muda mrefu mno wakazi wa Mbagala wakawa wanapita pembeni ya vituo vile wakiwa wamening'inia kwenye daladala, kwa sababu njia ilikuwepo na mabasi hayakuwepo. Fedha za zege zilikuwa na mpango wake. Mabasi na mwendeshaji wake vilikuwa na mpango mwingine, uliochelewa. Je, mtu wa Mbagala alihitaji zege, au alihitaji kufika kazini? Hiyo ndiyo tofauti ya kuomba lami na kuomba safari. Barabara isiyo na basi, basi lisilo na vipuri, kituo kisicho na njia ya miguu ya kukifikia, kila kimoja ni nusu ya ombi. Na nusu ya ombi huliwa na nusu iliyokosekana.

Kwa hiyo katika andiko letu, kila tutakapoandika "kujenga", mstari unaofuata uandikwe nani atatunza, kwa fungu gani, na kwa miaka mingapi. Njia ya miguu ya mtaa huu, nani atafagia mchanga? Taa hizi, nani atalipa umeme na kubadilisha zikiungua? Andiko linalojibu maswali hayo humpa mhandisi na mweka hazina ujasiri wa kuweka saini, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa kitu kikiharibika.

Na hapa siwezi kukwepa suala la wamachinga, japokuwa najua humu ndani tumo wenye fikra tofauti. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji. Kwa muda fulani njia za miguu zilionekana tena, na watu walipita kwa nafasi. Kisha taratibu, meza kwa meza, turubai kwa turubai, sehemu kubwa ikarudi ilivyokuwa. Wenye maduka mkalalamika. Nao wakawajibu kwamba wana watoto wa kulisha. Mimi nimekaa na vijana wale. Kijana anayeuza mikanda anakaa pale kwa sababu moja tu: pale ndipo abiria anaposhuka. Mteja wake ni mtembea kwa miguu, yule yule mama wa Mbagala. Ukimpeleka kijana huyo kwenye jengo lisilopitiwa na basi, umemhukumu njaa, naye atarudi usiku. Basi tukiandika ombi la kupanua njia za miguu huku tukijifanya hatumwoni, kila mtaalamu atakayelisoma atajua kwamba njia hiyo itajaa meza kabla saruji haijakauka, na hatalipitisha. Tuandike ukweli. Tuonyeshe kwenye mchoro upana wa kupita watu wawili wenye mizigo bila kugongana, kisha tuonyeshe mahali pa meza, zikiwa zimehesabiwa na kuandikishwa, karibu na kituo na si ndani ya kivuko. Nasema hivi nikijua wenye maduka hawatapenda kila neno. Nawaomba mlifikirie.

Sasa tumwombe nani, na lini? Hapo nitakwenda haraka, ingawa ndipo maombi mengi yanapofia.

Tumo katika jiji ambalo makutano mamoja ya barabara yana wenyewe wengi. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za wilaya, zikiwemo nyingi za mitaani kwetu, ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Njia na vituo vya mwendokasi vinasimamiwa na DART. Nauli na leseni za magari ya abiria ni za LATRA. Mabomba ni ya DAWASA. Usafi, masoko na leseni za biashara ni vya halmashauri, ambayo tangu mwaka 2021 ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ikapandishwa kuwa Jiji baada ya Halmashauri ya Jiji ya zamani kuvunjwa. Na Kikosi cha Usalama Barabarani kina sauti yake. Barua moja iliyoandikwa kwa "serikali" itazunguka katika ofisi hizo zote, na kila moja itasema kwa haki kabisa kwamba jambo hili si langu peke yangu. Kwa hiyo tugawe ombi letu kwa wenye nalo, kisha tuombe lijadiliwe kwa pamoja kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako hawa wa barabara wanakaa meza moja.

Kuhusu wakati, niwaeleze lililotupata. Katika halmashauri moja niliyoitumikia, wafanyabiashara wa stendi walileta ombi zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona: saini za watu, michoro, makadirio ya gharama, hata picha za mafuriko. Walilileta mwezi Mei. Walikuja wamevaa mashati meupe, wamefurahi. Mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia kwamba bajeti ilikuwa imekwisha kwenda Dodoma. Walikuta shughuli imekwisha na majamvi yamekunjwa. Mwenyekiti wao alinitazama akasema, "Kwani hukuweza kutuambia mwezi wa kumi?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Ningeweza kuwaambia.

Leo nawaambia ninyi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa bajeti ukishatoka, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka, vipaumbele vya mitaa vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinakwenda halmashauri, baraza la madiwani linavijadili mwanzoni mwa mwaka, mkoa unavipitia, TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na Hazina wanavichambua, na kufikia Aprili Bunge la bajeti linakuwa limeanza. Anayetaka kitu kionekane Julai, awe amekitaja mtaani Oktoba na Novemba. Mikutano ya mitaa ya miezi hiyo, ambayo wengi wetu hatuendi kwa kuwa tuko dukani, ndiyo mlango wa mbele.

Kuna wenzetu wamependekeza kwamba tusihangaike na bajeti, tutafute mkopo mkubwa au hatifungani, yaani kukopa kwa kuwauzia watu hati za deni linalolipwa na riba. Nimelipima wazo hilo kwa makini, kwa maana lina mifano mizuri. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, ili kupanua huduma ya maji. Mwishoni mwa mwaka huo Benki ya CRDB ikatoa Hatifungani ya Miundombinu ya Samia, ili wakandarasi wa TARURA walipwe kwa wakati na kazi zisisimame. Tukumbuke tu kwamba mamlaka ya maji ina ankara, na kila mwezi watu wanalipa. Njia ya miguu haina ankara. Hatifungani inafaa penye mapato, kama kituo kikuu cha mabasi chenye maduka na maegesho. Kivuko cha watoto wa shule ni cha kodi, na kinapaswa kubaki cha kodi.

Ninachokiona kinafaa zaidi kwetu ni mfano wa London. Tangu Februari 2003 wao wanatoza magari yanayoingia katikati ya jiji, na sheria inataka mapato hayo, baada ya gharama, yatumike kwenye usafiri na si penginepo. Bogotá nayo ilijenga mabasi yake ya TransMilenio, yaliyoanza mwaka 2000, kwa kutenga sehemu ya tozo ya mafuta ya jiji lile. Sisemi tuweke geti la kutoza magari pale kituo cha Fire kesho asubuhi. Nasema kwamba ada ya maegesho inakusanywa katika mitaa hii hii, kila siku. Tuombe, kwa maandishi na kwa azimio la baraza la madiwani, fungu linalojulikana la ada hiyo lirudi kutunza njia za miguu, taa na vivuko vya mitaa inakokusanywa. Mwenye gari akilipa, aione njia ya miguu imetengenezwa. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje, na sioni diwani aliyemo humu ambaye angeona aibu kulisimamia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na yaliyobaki ni kazi.

Nimezungumza na walimu wawili wa shule za jirani na vijana wa maskani tatu. Jumamosi ijayo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tutakutana kwenye makutano ya Msimbazi na Uhuru. Tutakaa hapo mpaka saa mbili usiku, kwa zamu za saa mbili mbili. Nahitaji watu ishirini na wanne, nao hawatahitaji kalamu. Wenye maduka ya nafaka, naomba mahindi debe mbili, kunde debe moja na maharage nusu debe. Yatarudi kwenu yote baada ya kupimwa mbele ya kamati ya kata. Orodha ya zamu iko pale mlangoni kwa mama aliyevaa kilemba cha kijani. Zamu ya kwanza, ile ya alfajiri, nimekwisha kuandika jina langu.